Mji Mkongwe wa Zanzibar kwa pesa kidogo: maswali ya watu wa Lubumbashi

Likizo kubwa ikikaribia, maswali huanza kuzunguka mitaa yetu ya Katuba, Kamalondo na Kenya, hadi kwenye foleni ya mpakani Kasumbalesa. Wafanyabiashara wetu wamezoea kufika Dar es Salaam kuchukua mzigo, lakini wachache huvuka maji, kwa sababu wameambiwa Zanzibar ni kisiwa cha Wazungu na cha dola. Kuna sehemu ya kisiwa iliyo hivyo kweli. Katikati ya mji si hivyo, na majibu haya yanahusu huko: Mji Mkongwe na mitaa inayouzunguka.

Mtu wa mshahara mdogo anaweza kweli kwenda Zanzibar?

Anaweza, akikubali jambo moja: kulala mjini. Bei kubwa mnazozisikia ni za hoteli za ufukweni, Nungwi, Kendwa, Kiwengwa, Paje. Huko mgeni hulala, hula na hunywa ndani ya uzio mmoja, na kila kitu kimewekewa bei ya mtu aliyeshuka kwenye ndege kutoka Ulaya. Mjini watu wa kisiwa ndio wanaoishi, wanasoma, wanauza samaki na wanapanda daladala, kwa hiyo chakula na usafiri vina bei ya mwenyeji. Ufukwe unaufuata asubuhi kwa daladala, unarudi jioni. Wengi hufanya kinyume: hulala ufukweni, wakaja mjini nusu siku na mwongozaji, pesa ikaisha kabla ya siku.

Nifikeje kutoka Lubumbashi?

Kwa nchi kavu unapita Kasumbalesa, unaingia Zambia, unafuata Kitwe na Ndola hadi Kapiri Mposhi, halafu Serenje, Mpika na Nakonde, unavuka Tunduma kuingia Tanzania, kisha Mbeya, Iringa, Morogoro na Dar. Yapo mabasi yanayotoka Lubumbashi moja kwa moja. Yapo pia ya vipande vipande, ambayo mara nyingi ni nafuu zaidi lakini yanachosha. Usipange boti ya siku ileile unayotarajia kufika Dar. Malori ya shaba kwenye mipaka yanaweza kula nusu siku yako bila kosa la dereva.

Treni ya TAZARA ni safari nzuri kuliko basi kwa mwenye muda. Reli hiyo yenye kilomita 1,860 kutoka Kapiri Mposhi hadi Dar es Salaam ilifunguliwa mwaka 1976, na inapita kwenye mbuga ya Nyerere, zamani sehemu ya Selous, ambako wanyama huonekana dirishani. Lakini treni ya abiria imekuwa ikisimama na kurudi kwa vipindi. Uulize kwanza kama inatembea, ndipo uondoke nyumbani.

Kwa ndege kutoka Luano, uwanja wetu wa Lubumbashi, linganisha bei ya Air Tanzania na ya wanaopitia Addis Ababa au Nairobi. Ukiongeza hoteli za njiani na chakula cha siku mbili tatu barabarani, tofauti ya ndege na basi hupungua kuliko watu wanavyofikiri, hasa kwa mwenye watoto.

Karatasi gani ninahitaji?

Pasipoti yenye muda wa kutosha, na ile kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano. Kadi wataiomba kweli, kwa sababu Kongo ni nchi yenye ugonjwa huo. Chanja mapema, maana inahesabiwa kuwa halali siku 10 baada ya sindano, na usikubali kadi ya kununua bila sindano. Ni afya yako unayoiuza.

Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini usichukulie kwamba kila mlango umefunguka. Masharti ya viza uyaulize kwa wawakilishi wa Tanzania na wa Zambia hapa Lubumbashi kabla ya kulipa tiketi, wala usitegemee maneno ya mtu wa basi.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Zanzibar inawataka wageni kutoka nje ya nchi kuwa na bima ya safari inayouzwa na kisiwa chenyewe. Bei iliyotangazwa kwa mtu mzima ilikuwa dola 44. Bima ya kampuni nyingine haichukui nafasi yake. Hesabu pesa hiyo tangu nyumbani, isikukute bandarini.

Nikishuka Dar, bandari naipataje?

Mabasi ya mikoani na ya nje hufikia stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, mbali na katikati ya jiji. Usipande teksi hadi bandarini kama mzigo wako ni mdogo. Panda gari la abiria hadi Kimara, halafu basi la mwendokasi hadi Kivukoni. Kituo cha boti za Zanzibar kiko ufukweni palepale katikati ya jiji, karibu na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Usichanganye na kivuko cha Kigamboni, ambacho ni kitu kingine.

Tiketi nunua dirishani kwa kampuni, ndani ya ofisi. Nje utakutana na vijana wenye vitambulisho shingoni watakaokwambia boti imejaa, au watakupa bei ya haraka. Pita. Boti za kasi hutumia kama saa mbili. Mgeni hulipa zaidi ya Mtanzania. Kwa daraja la chini bei imekaa miaka kadhaa karibu na dola 35. Mawimbi yanaweza kukusumbua wakati upepo wa kusi unavuma, kati ya Juni na Septemba. Kula kidogo, kaa nyuma, katikati ya boti.

Nilale mtaa gani?

Malindi, karibu na bandari, au Mkunazini na Kiponda, ndani zaidi. Kuna nyumba za wageni ndogo zenye kitanda katika chumba cha pamoja kwa kati ya dola 10 na 20 kwa usiku, chai ya asubuhi ndani yake. Shangani ni pazuri kwa macho lakini ndiko hoteli za gharama zilikojipanga. Ng'ambo, ng'ambo ya barabara kubwa ya Benjamin Mkapa, gesti ni rahisi zaidi na unatembea dakika chache tu kufika Darajani.

Uliza mambo matatu kabla ya kulipa: bei hiyo imejumlisha kodi ya serikali, kuna feni inayofanya kazi, na kuna chandarua. Sisi wa Lubumbashi tunaishi mita 1,200 hivi juu ya bahari, na mwezi wa sita tunavaa makoti. Joto la usiku la pwani halina mwisho, na chumba kisicho na dirisha kitakunyima usingizi hata kama ni cha bure.

Nitakula nini? Bukari ipo?

Ipo, wao wanaiita ugali, lakini usivuke nchi mbili kwenda kula ulichoacha nyumbani. Kula wali wa nazi na maharage ya nazi. Kula samaki wa kupaka, pweza, muhogo wa nazi. Aliyekulia kwenye samaki thomson wa friji anastahili kula jodari aliyevuliwa asubuhi ileile.

Asubuhi, mandazi au chapati na chai ya viungo kwa mama yeyote mwenye meza barabarani. Mchana, Lukmaan, pale Mkunazini, unaonyesha kwa kidole unachotaka kwenye masufuria, unapata sahani iliyojaa, na wenyeji wenyewe wamekaa meza ya pili. Mchana huohuo, au jioni, tafuta urojo: bakuli la mchuzi mzito wa manjano wenye ukwaju na embe bichi, ndani yake viazi, bajia, kachori, chipsi za muhogo, mishikaki, chatne na pilipili. Ni chakula cha watu wa kisiwa wa kila tabaka, na bei yake haimshtui mtu.

Forodhani ndiyo inayojulikana. Jua likizama, bustani iliyo mbele ya Ngome Kongwe hujaa meza za mishikaki, samaki, chapati za kukunjwa zenye nyama na yai, na juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi. Nendeni, kwa sababu mahali penyewe pana furaha: vijana wanaruka baharini kutoka ukutani, familia zimekaa kwenye nyasi, watoto wanakimbizana. Lakini vyakula vya baharini vilivyopangwa juu ya meza zile ni vya bei ya wageni, na vingine vimepashwa moto mara kadhaa. Kula urojo au chapati ya nyama, kunywa miwa, na uulize bei ya kila kijiti kabla hakijawekwa motoni. Ukitaka samaki wengi, nunua mchana Darajani na uombe gesti wakupikie.

Kahawa ni starehe ya bei ndogo kuliko zote mjini. Nenda Jaws Corner jioni, makutano ya vichochoro yenye viti vya mawe, wazee wanacheza bao na dhumna, na muuzaji anamimina kahawa tungu kwenye vikombe vidogo pamoja na kashata. Kaa. Sikiliza siasa. Hakuna atakayekuharakisha.

Kuna nini cha kuona bila kulipa?

Mji wenyewe. Mji Mkongwe uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000, na hakuna geti wala tiketi ya kuingia vichochoroni mwake. Tembea bila ramani asubuhi mapema, kabla ya jua kali. Angalia milango: misumari ya shaba, maua na minyororo iliyochongwa, mistari ya Kiarabu juu ya kizingiti. Sisi tunaotoka mji wa shaba tunapaswa kusimama mbele ya milango hiyo kuliko mtu mwingine. Ukipotea, shuka tu upande wowote. Mwishoni utatokea baharini au kwenye barabara kubwa.

Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani mwishoni mwa karne ya 17, unaingia uwanjani bila gharama mchana wa kawaida. Dispensari ya Zamani, karibu na bandari, ina roshani za mbao zinazostahili nusu saa ya kutazama tu. Beit el-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, sehemu yake kubwa iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 wakati wa ukarabati, na watu wawili walikufa. Ulipange kama jumba la kutazama ukiwa nje.

Soko la Darajani, la mwaka 1904, ni bure pia. Sehemu ya mnada wa samaki inafaa mapema asubuhi. Mwenye tumbo jepesi apitie upande wa viungo.

Na kama nina pesa ya kulipia mahali pamoja tu?

Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Anglikana. Sitoi jibu jingine.

Hapo palikuwa na soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873 kwa mkataba ambao Sultan Barghash alilazimishwa na Waingereza kuusaini. Mwaka huohuo ujenzi wa kanisa ukaanza juu ya uwanja uleule. Kuna maonyesho ya historia, kuna vyumba vya chini, vyembamba na vya giza, vinavyoonyeshwa kama mahali walipofungiwa watu, na nje kuna sanamu za watu waliosimama ndani ya shimo wakiwa na minyororo shingoni, kazi ya msanii Clara Sörnäs ya mwaka 1998.

Wageni wengi hutoka pale wakisema ni historia ya kusikitisha, wakaenda kula. Kwa mtu wa Kongo si historia ya wengine. Njia za misafara zilizoishia pwani hii zilianzia kwetu, Maniema na Katanga. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa ambaye Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, alimfanya gavana wa Stanley Falls mwaka 1887, ndiko Kisangani ya leo, alirudi kumalizia maisha yake hapahapa, akafa mwaka 1905. Nyumba yake bado ipo upande wa Shangani, watu wanaishi ndani. M'siri, mfalme wa Bunkeya huko Katanga, aliuza shaba, pembe na watu kwa wafanyabiashara wa pwani, akapokea bunduki. Na msafara wa Kapteni Stairs, uliokwenda Katanga kwa ajili ya Leopold na ambao watu wake walimuua M'siri tarehe 20 Desemba 1891, uliajiri wapagazi wake Zanzibar. Waliokufa njiani hawana kaburi wala jina, na wengi wao walikuwa watu wa upande wetu. Ninaomba kila Mkongo anayefika Zanzibar aingie Mkunazini, akae kimya kidogo, hata kama itambidi aache safari ya Changuu, kisiwa cha kobe.

Ndani ya kanisa kuna msalaba wa mbao za mti wa Chitambo, Zambia, ambako moyo wa Livingstone ulizikwa mwaka 1873. Ukiwa umekuja kwa barabara, ulipita mkoa uleule ulipopita Serenje.

Bahari nitaiona wapi bila kulipa teksi?

Uko kisiwani, bahari iko mwisho wa kila kichochoro. Kwa kuogelea, maji ya mbele ya mji si safi sana kwa sababu ya bandari. Panda daladala namba 502 hadi Bububu, kaskazini kidogo, kuna ufukwe ambao wenyeji wenyewe huenda Jumapili. Nauli ni shilingi mia chache.

Kwa mchanga mweupe wa kwenye picha, namba 116 inakwenda Nungwi, 309 Jambiani, 324 Bwejuu kupitia Paje. Uliza gesti stendi ya siku hizo iko wapi, ondoka asubuhi na uliza kondakta gari la mwisho la kurudi ni saa ngapi. Hapo ndipo watu hunaswa: gari la mwisho likiondoka, inabaki teksi, nayo inaweza kufika dola 40 au zaidi. Pwani ya mashariki maji hukimbia mbali sana yakipwa, unaweza kutembea muda mrefu bila kufika magotini. Nungwi maji hayakimbii hivyo.

Na tafadhali: bahari si ziwa letu la Kipopo. Ina mkondo. Asiyejua kuogelea aishie kiunoni, na mtoto ashikwe mkono.

Kisiwa cha Changuu kinafaa?

Kinafaa mkiwa wengi. Boti hukodiwa nzima, kwa hiyo watu wanne au watano wanagawana bei. Kuna kobe wakubwa ambao wazazi wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, na jengo la gereza la miaka ya 1890 ambalo halikutumika kufunga wafungwa bali kuweka karantini. Ada ya kuingia ni juu ya bei ya boti. Wahimizeni wenye boti waiseme mapema.

Nibebe dola au nibadilishe?

Hapa kwetu tunanunua mkate kwa frangi na simu kwa dola, na hatufikirii. Tanzania sivyo: tangu Machi 2025 sheria inakataza bei na malipo ya ndani kwa fedha za kigeni. Beba dola, badilisha kwa shilingi benki au kwenye duka la fedha lenye leseni, omba risiti. Frangi yetu huko haina mnunuzi. Noti ziwe safi na mpya. Dola zilizochapwa kabla ya 2009 zinakataliwa mara nyingi, na noti ndogo hupewa bei mbaya kuliko ya 50 au 100. Akaunti yako ya M-Pesa ya Kongo si ile ya Tanzania ingawa jina ni moja.

Watanielewa Kiswahili changu?

Watakuelewa, na watacheka kidogo kwa upendo, kisha bei itashuka. Punguza Kifaransa ndani ya sentensi, basi. Kinachohesabika zaidi kuliko sarufi ni salamu. Kwa mtu mzima sema shikamoo, ungoje marahaba, uulize habari za nyumbani, ndipo uulize bei ya embe. Anayeanza na "ni ngapi?" anaonekana hana malezi.

Saa ndiyo hatari ya kweli. Wengi wetu tunataja saa kwa mtindo wa Kifaransa. Zanzibar saa moja asubuhi ni ile iliyoandikwa 07:00 kwenye tiketi, na saa kumi jioni ni 16:00. Tena wao wako mbele yetu kwa saa nzima. Ukiambiwa saa ya boti, omba waiandike.

Vipi mavazi, bia, na misa ya Jumapili?

Kisiwa ni cha Waislamu. Mjini funika mabega na magoti, mwanamume kwa mwanamke; mama mwenye kikwembe chake na blauzi ya mikono amekamilika. Mavazi ya kuogelea ni ya ufukweni tu. Bia utaipata kwenye baadhi ya hoteli na baa chache, kwa bei kubwa. Anayetaka bia yake ya Simba kila jioni atavunja bajeti. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa barabarani mchana, na ujue migahawa mingi itafunguliwa magharibi tu. Wakatoliki wana kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu ndani ya Mji Mkongwe, lenye minara miwili inayoonekana kutoka baharini.

Papasi ni akina nani?

Vijana wanaofuata wageni wakitoa hoteli, safari, viungo, kila kitu. Wengi si wabaya, wanatafuta riziki. Lakini hoteli wanayokupeleka inaongeza kamisheni yao kwenye bei yako. Sema "asante, ndugu, nimeshapata", kwa upole, bila kusimama. Ukitaka mwongozaji, chagua mwenye kitambulisho cha serikali.

Ni salama kwa mwanamke peke yake?

Mchana, ndiyo, kuliko miji mingi tunayoijua. Usiku vichochoro vina giza, kwa hiyo tembea penye watu na usiende ufukweni peke yako. Jambo jingine ambalo watu wetu husahau: Tanzania na Zambia magari hupita kushoto. Kabla ya kuvuka barabara tazama kulia kwanza.

Msimu gani ni rahisi?

Aprili na Mei, wakati wa masika, vyumba hushuka bei sana, lakini mvua ni nyingi na baadhi ya mikahawa hufungwa. Likizo yetu ya Julai na Agosti ndiyo pia ya Wazungu. Februari kuna tamasha la muziki la Sauti za Busara, linalofanyika Ngome Kongwe. Muziki ni mzuri mno, vitanda ni adimu. Mwenye uhuru wa kuchagua achukue Juni mwanzoni au Oktoba.

Nisibebe nini, na ninunue nini?

Mifuko ya plastiki iache nyumbani: Tanzania iliipiga marufuku mwaka 2019, na Zanzibar ilianza kabla yake. Beba kichwa cha chaja chenye pini tatu za mraba, maana soketi za huko si kama zetu.

Nunua khanga, na pakiti ndogo za iliki, mdalasini na pilipili manga Darajani, si kwenye maduka ya Shangani. Karafuu chukua kidogo tu, ya matumizi ya nyumbani, kwa sababu biashara yake inasimamiwa na serikali. Magamba ya kasa na kombe kubwa za baharini usiguse. Weka risiti zote pamoja na pasipoti; kwenye forodha, Nakonde hadi Kasumbalesa, mwenye karatasi hupita haraka.